Kabla ya kidonge, wapeni wanawake kipimo

Nywele ndizo zilizosema ukweli. Kisumu, mji ulio kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, watafiti waliwapa wanawake vijana doksisaiklini, dawa ambayo mtaani tunaiita doksi, waimeze kila baada ya ngono isiyo na kondomu ili wasipate klamidia, kisonono wala kaswende. Dawa hiyo ikiingia mwilini huacha alama kwenye unywele unaoota. Walipoulizwa, wengi wa wanawake hao walisema wanaimeza kama walivyoelekezwa. Maabara ilipopima sampuli 200 za nywele kutoka kwa wanawake 50 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, doksi ilionekana kwenye sampuli 58.

Utafiti huo ulioongozwa na Dk. Jenell Stewart wa Marekani na Profesa Elizabeth Bukusi wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ulichapishwa Desemba 2023 katika jarida la New England Journal of Medicine. Wanawake 449 wa umri wa miaka 18 hadi 30, wote wakiwa tayari wanatumia dawa kinga dhidi ya VVU, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa doksi. Jingine liliendelea na huduma ya kawaida ya utafiti, yaani kupimwa kila baada ya miezi mitatu na kutibiwa kila anayekutwa na maambukizi. Mwaka ulipokwisha, kundi la doksi lilikuwa limepata maambukizi 50, na kundi lisilo na doksi 59. Kwa hesabu za kitakwimu, tofauti hiyo haina uzito.

Kinachouma ni kwamba dawa hiyohiyo, kwa dozi hiyohiyo, ilikuwa imefanya kazi kubwa kwingine. Katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2017 kutoka Paris na mwaka 2023 kutoka San Francisco na Seattle, watafiti waliwapa doksi wanaume wanaofanya ngono na wanaume, pamoja na wanawake waliobadili jinsia. Ufaransa, kundi la Profesa Jean-Michel Molina lilipunguza klamidia na kaswende kwa takriban asilimia 70, ingawa kisonono hakikutikisika. Marekani, Dk. Annie Luetkemeyer na Dk. Connie Celum waliwafuatilia watu 501. Kati ya waliokuwa kwenye dawa kinga ya VVU na hawakupewa doksi, maambukizi mapya yalionekana katika asilimia 31.9 ya mahudhurio ya kila robo mwaka. Kwa waliopewa doksi ilikuwa asilimia 10.7. Jiji la San Francisco halikungoja hata jarida lichapishe. Oktoba 2022 lilishatoa mwongozo wake. Juni 2024 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kikafuata na mwongozo wa taifa zima.

Maelekezo yenyewe ni mepesi. Unameza miligramu 200, yaani kapsuli mbili za miligramu 100, ndani ya saa 72 baada ya ngono isiyo na kondomu, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Hupaswi kuzidisha dozi hiyo ndani ya saa 24. Unameza kwa maji mengi ukiwa umekula, na hulali papo hapo, maana kapsuli ikikwama kwenye koo la chakula inaunguza. Jua litakuchoma ngozi kuliko kawaida. Mjamzito hapaswi kuitumia. Inachofanya doksi ni kuwazuia bakteria kutengeneza protini wanayohitaji ili kuzaliana, kwa hiyo ikiwakuta wachache na mapema inawamaliza kabla hawajaota mizizi. Haigusi virusi vya aina yoyote. VVU, homa ya ini, malengelenge ya sehemu za siri na virusi vya HPV vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi vinaipita kama haipo. Na haizuii mimba.

Sasa turudi Kisumu. Kuna namna mbili rahisi za kuisoma habari ile, na zote mbili nazikataa. Ya kwanza ni kusema dawa imeshindwa kwenye mwili wa mwanamke. Hakuna ushahidi wa kutosha wa hilo. Vipimo vya maabara vilivyofanywa kwa watu wengine vimeonyesha kuwa doksi inafika kwenye majimaji ya uke kwa kiwango kinachotosha kuua klamidia, na klamidia iliyopatikana Kisumu haikuonyesha usugu dhidi yake. Dawa isiyomezwa haiwezi kuhukumiwa. Namna ya pili, ambayo naisikia ikisemwa kwa sauti ya chini hata na watu wa afya, ni kwamba wanawake wale walikaidi na tena wakadanganya. Hii inaniudhi zaidi, kwa sababu inamwacha mwanamke na lawama na kuuacha mfumo mzima uende zake.

Fikiria unachoombwa. Huna maumivu, huna muwasho, hutokwi na uchafu. Umelala na mtu ambaye pengine ni mumeo. Asubuhi, au kesho yake, unatakiwa kumeza kapsuli mbili zinazoweza kukutia kichefuchefu, kwa ajili ya ugonjwa ambao hujauona na ambao kumeza dawa yake ni sawa na kumwambia huyo mtu kwamba humwamini. Kopo tayari unalo moja, la dawa kinga ya VVU, na hilo moja limeshakuletea maswali ya kutosha kutoka kwa wifi na mama mkwe. Unaongeza la pili. Kisha unarudi kliniki kwa muuguzi aliyekupokea vizuri, aliyekupima bure, aliyekutibu klamidia ambayo hukujua unayo, naye anakuuliza kwa upole kama umemeza. Mimi naamini wengi walijibu “ndiyo” kwa sababu hawakutaka kumvunja moyo.

Mwanamume wa San Francisco aliyeingia kwenye utafiti alitakiwa kuwa ameugua angalau ugonjwa mmoja wa zinaa wa bakteria katika miezi 12 iliyotangulia. Aliambiwa jina la ugonjwa wake, akachomwa sindano au akapewa vidonge, na akajua ametibiwa nini. Anapomeza doksi anajua anachokikimbia. Huko kupimwa mara kwa mara ni jambo la kawaida kiasi kwamba kidonge kimekuja kama nyongeza juu ya huduma iliyokuwapo. Kwetu tunataka kuanza na nyongeza.

Tena kuna jambo ambalo lingebaki kuwa tatizo hata kama kila mwanamke wa Kisumu angemeza kila dozi. Bakteria wote wa kisonono waliopimwa kwenye utafiti ule walikuwa sugu kwa dawa za jamii ya tetrasaiklini, ambayo doksi ni mojawapo. Ndiyo kusema, kwa upande wa kisonono, doksi pale Kisumu ingekuwa kazi bure. Usugu ule haukutengenezwa na utafiti. Umetengenezwa na sisi, kwa miaka mingi, kwenye kaunta za maduka ya dawa.

Nimesimama kwenye kaunta hizo mara nyingi. Saa tatu usiku, duka lililo mkabala na kituo cha daladala, kijana wa miaka ishirini na kitu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, anawasubiri wateja wawili waondoke kwanza. Kisha anainamia dirisha.

“Dada, za kazi?”

“Salama kaka, karibu.”

“Nipatie doksi za buku.”

Dada hamuulizi anaumwa nini. Anashusha boksi, anachukua karatasi ya dawa, anaikata kwa mkasi, anazitia kapsuli kwenye kibahasha na kuandika kwa kalamu: 1×2. Kisha, kwa nia njema kabisa, anamwongezea ushauri wa antibayotiki nyingine.

“Kama ni UTI, ungechukua na azuma ungepona haraka.”

“Hapana, hizi zinatosha.” Kijana anasita kidogo. “Na shemeji yako je, naye anywe?”

“Kwani anaumwa?”

“Haumwi.”

“Basi maliza zako.”

Simlaumu yule dada. Anauza alichoombwa, kwa mtu mzima, kwenye mji ambao foleni ya zahanati inaanza alfajiri na anayehojiwa kuhusu sehemu zake za siri anahojiwa mbele ya wengine watatu waliokaa kwenye benchi. Lakini kila kitu kilichoharibika kwenye vita yetu dhidi ya magonjwa ya zinaa kimo katika mazungumzo yale mafupi. Hakuna aliyepimwa. Dozi imekatwa kwa kadiri ya fedha iliyokuwa mfukoni. Na mwanamke ambaye hakuwapo dirishani ametangazwa mzima kwa sababu haumwi.

Ndiyo maana habari ya kidonge cha baada ya ngono inanitia hofu ikitua hapa bila maandalizi. Tumeshaona P2 ilivyotembea. Kidonge kilichokusudiwa kuwa cha dharura kwa mwanamke ambaye kondomu imempasukia au amebakwa kimekuwa kwa wasichana wengi mpango wa uzazi wa kila mwisho wa wiki, na hakuna anayewaeleza lolote isipokuwa rafiki yao wa bwenini. Doksi tayari iko kila duka, ni rahisi, na jina lake linafahamika hadi kijijini. Siku video moja ikizunguka kwenye simu ikisema kapsuli mbili asubuhi zinasafisha kila kitu, hakutakuwa na mwongozo wa wizara utakaoiwahi. Yawezekana watu wameshaanza.

Wala wazo lenyewe si geni kama linavyoonekana. Mwaka 1979 madaktari wa jeshi la majini la Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa mabaharia 1,080 waliokuwa wameshuka kwenye bandari ya Asia ya Mashariki. Baadhi yao walipewa minosaiklini, ndugu wa doksi, baada ya kulala na makahaba. Kisonono kinachosikia dawa kilizuiwa. Kile sugu kilipita, na watafiti wenyewe wakaonya kwamba kuigawa dawa hiyo kwa watu wengi kungeishia kuchagua na kuwalea bakteria sugu. Walikuwa sahihi. Kisonono ni mwalimu mkatili wa somo hili. Salfa zilikishinda kwa miaka michache. Penisilini ikachukua nafasi, na mwaka 1976 wakagunduliwa bakteria wenye kimeng’enya cha kuivunja penisilini. Tetrasaiklini ikafuata njia hiyohiyo, kisha siprofloksasini. Leo tegemeo letu la kweli ni sindano ya seftriaksoni, nayo imeshaanza kukutana na bakteria wasioisikia huko Asia na Ulaya.

Afrika Mashariki tuna historia yetu ya antibayotiki na ngono, na ni ya kujivunia kuliko tunavyokumbuka. Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994, watafiti walichukua jamii 12 za vijijini. Katika sita waliimarisha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya vilivyokuwapo: wakawafundisha wahudumu upya, wakahakikisha dawa hazikatiki, wakawa wanawatembelea na kuwasimamia, wakawaelimisha wanavijiji kuja mapema. Hakukuwa na mashine ya ajabu. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 yakilinganishwa na jamii sita nyingine. Dunia nzima iliisoma Mwanza mwaka 1995 ilipochapishwa katika jarida la Lancet.

Ng’ambo ya ziwa, Rakai nchini Uganda, walijaribu njia nyingine. Kila baada ya miezi kumi waligawa antibayotiki nyumba kwa nyumba, kwa mgonjwa na asiye mgonjwa, kwa kishindo kimoja. Baadhi ya magonjwa ya zinaa yalipungua kidogo. VVU havikupungua. Wataalamu wamebishana kwa miaka kuhusu sababu, na wengi husema janga la Rakai lilikuwa limekomaa kuliko la Mwanza, hivyo maambukizi mengi yalikuwa yakipita njia nyingine. Nakubali. Hata hivyo siwezi kuacha kuona kwamba Mwanza walijenga huduma ambayo mtu anaifuata anapoihitaji, na Rakai wakagawa dawa.

Nairobi nako, kwenye mtaa wa Kibera, wanawake 466 wanaofanya biashara ya ngono walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2004. Wengine walipewa gramu moja ya azithromaisini kila mwezi, wengine kidonge kisicho na dawa. Kisonono na klamidia vilipungua kwa zaidi ya nusu kwa waliopewa dawa, lakini VVU havikupungua. Makundi yote mawili yalipata kondomu, ushauri na matibabu, na idadi ya maambukizi ya VVU ilikuwa ndogo kwa wote kuliko ilivyotarajiwa. Yaani hata pale antibayotiki ilipofanya kazi, sehemu kubwa ya mzigo ilibebwa na vitu ambavyo havikuwa vipya.

Kondomu ni mojawapo, nami nataka niitetee waziwazi, kwa sababu imefikia hatua ya kuonewa haya hata na wanaolipwa kuihubiri. Katika miaka ya 1980, kwenye mtaa wa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, muuguzi Elizabeth Ngugi, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa, aliwakusanya wanawake wanaouza ngono kwenye baraza na kuzungumza nao kama watu wenye akili na maisha ya kulinda. Matumizi ya kondomu yalipanda sana, na mwaka 1988 yeye na wenzake walichapisha ushahidi kwamba walioitumia waliambukizwa VVU kwa uchache zaidi. Wanawake wale walikuwa masikini kuliko wengi wetu, na waliweza, kwa sababu walikuwa pamoja: mteja aliyekataliwa mlango huu alikuta amekataliwa na ule wa pili.

Leo kijana anakwambia huwezi kula pipi na ganda lake, na anaona amemaliza mjadala. Msichana akitoa kondomu kwenye pochi anaitwa malaya. Asipotoa akapata mimba au gono anaitwa mjinga. Dawa za kufubaza virusi zimeondoa sura ya kifo iliyowatisha watu wa rika langu, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Dawa kinga zimefika. Mwaka 2024 utafiti uliofanyika Afrika Kusini na Uganda ulionyesha kuwa kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliochomwa sindano ya lenakapaviri mara mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU. Nilifurahi niliposoma matokeo yale kama alivyofurahi kila mtu aliyezika ndugu miaka ya 1990. Lakini sindano hiyo haiijui klamidia. Kadiri VVU vinavyozuiwa kwa njia nyingine ndivyo sababu ya kuvaa kondomu inavyopungua kichwani mwa watu, na magonjwa yanayobaki yanapata uwanja mpana. Wakati huohuo, tangu serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, nchi zetu zimelazimika kuuliza ni nani atanunua kondomu ambazo kwa miaka zililetwa na wafadhili. Bado sijaona bajeti inayolijibu swali hilo kwa ujasiri.

Kondomu ina mipaka yake na ni vizuri kuisema. Inazuia vizuri sana VVU, kisonono na klamidia, magonjwa yanayosafiri kwenye majimaji. Kwa kaswende, malengelenge na HPV inasaidia kwa sehemu, kwa kuwa kidonda kinaweza kuwa mahali ambapo mpira haufiki. Na kubwa kuliko yote, inahitaji mwanamume akubali. Hapo ndipo mtu anayetetea doksi ana hoja ya nguvu kuliko zote: kidonge angalau kiko mikononi mwa mwanamke. Hoja hiyo siidharau. Ningeikubali kesho kama nywele za Kisumu zingesema vinginevyo.

Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni kipimo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizi mapya milioni 374 ya klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi, ambayo yote yanatibika. Kwetu magonjwa haya yanatibiwa kwa dalili. Unafika, unasema unatokwa na uchafu, mhudumu anafungua chati, anafuata mshale, anakupa dawa za magonjwa mawili au matatu kwa pamoja bila kujua ni upi ulio nao. Mfumo huu ulibuniwa kwa ajili ya vituo visivyo na maabara na umeokoa watu wengi. Mwanza yenyewe ilijengwa juu yake. Kwa mwanamume mwenye usaha na maumivu ya kukojoa unafanya kazi vizuri. Kwa mwanamke unamwacha njiani, kwa kuwa wanawake wengi wenye klamidia na kisonono hawana dalili yoyote, na wengi wanaotokwa na uchafu wana kitu kingine kabisa, fangasi au mvurugiko wa bakteria wa kawaida wa uke. Wale wa kwanza hawatibiwi. Hawa wa pili wanamezeshwa antibayotiki bure na kurudi nyumbani na jina la ugonjwa wa zinaa, wakagombane na waume zao kwa jambo ambalo halikuwapo.

Kati ya wanawake 449 wa Kisumu, siku ya kwanza tu walipopimwa, takriban asilimia 18 walikutwa na maambukizi. Hao walikuwa wanawake waliokwenda kliniki wenyewe kufuata dawa kinga, wanaojali afya zao. Bila utafiti ule wengi wao wasingejua. Klamidia isiyojulikana inapanda taratibu kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Miaka kadhaa baadaye mwanamke yuleyule anaanza safari ya kutafuta mtoto, kwa mganga, kwa mchungaji, kwa daktari bingwa, huku ukweni wakimhesabia miezi. Au anapata mimba iliyotunga kwenye mrija na kupasuka usiku wakati gari la wagonjwa halina mafuta. Hayo ndiyo mambo tunayoyazungumzia tunaposema klamidia. Si aibu ya wiki moja.

Vifaa vya kuanzia tunavyo. Mashine za GeneXpert zilinunuliwa kwa ajili ya kifua kikuu, zikaongezwa kazi ya kupima wingi wa VVU na baadaye Uviko, na ziko kwenye hospitali za wilaya nyingi. Mashine hiyohiyo ina katriji ya klamidia na kisonono inayotoa jibu ndani ya takriban dakika 90. Sampuli mwanamke anaichukua mwenyewe, nyuma ya pazia, kwa kijiti chenye pamba. Hahitaji kupanda kitandani wala kutanua miguu mbele ya mtu asiyemfahamu. Katriji zina gharama, sikatai, na hatuwezi kumpima kila mtu wiki ijayo. Tunaweza kuanza na wanawake wanaochukua dawa kinga ya VVU na wajawazito. Kwa kaswende hata mashine haihitajiki: kipimo kimoja cha tone la damu ya kidole kinasoma VVU na kaswende kwa pamoja, tayari kinatumika kwenye kliniki za wajawazito, na tiba ni penisilini ya benzathini, dawa ambayo bakteria wa kaswende hawajajifunza kuishinda tangu penisilini ilipotumika dhidi yao mara ya kwanza mwaka 1943. Mtoto anayezaliwa amekufa kwa kaswende mwaka huu ameuawa na uzembe wetu.

Je, doksi baada ya ngono haina nafasi kabisa hapa? Inayo. Kwa mtu ambaye amepimwa, amekutwa na kaswende au klamidia zaidi ya mara moja, anarudi kupimwa kila miezi mitatu, na muuguzi amekaa naye akamweleza, inaweza kumsaidia sana. Wanaume wanaofanya ngono na wanaume, ambao ushahidi wa dawa hii unawahusu moja kwa moja, wako Mombasa, Dar es Salaam na Kampala kama walivyo Paris. Sheria za Kenya, Tanzania na Uganda zinawahesabu kuwa wahalifu, na ya Uganda iliongezwa ukali mwaka 2023. Matokeo yake, mtu ambaye kidonge kingemfaa kwa uangalizi anaogopa mlango wa kliniki na anakwenda dirishani kukata doksi za buku. Bakteria sugu anaowalea bila kujua hawataishia kitandani kwake, na doksi ni dawa ambayo pia tunaitegemea kutibu kipindupindu na homa ya kutupa mimba inayowapata wafugaji. Anayeona hilo halimhusu kwa sababu hapendi maisha ya jirani yake ajue bakteria hawajui mpaka huo.

Wanawake wale wa Kisumu walitupa mwaka mzima wa maisha yao, damu yao, sampuli za uke wao na nywele zao. Walikuja kila miezi mitatu. Walipimwa, wakatibiwa walipokutwa na ugonjwa, na katika mwaka ule hakuna hata mmoja wao, kwenye kundi lolote, aliyepata VVU. Sehemu hiyo ya huduma haikuhitaji kuthibitishwa na jaribio. Ilikuwa ni ile waliyopewa wote. Utafiti ulipofungwa, ndiyo iliyoondoka.

Bajeti za afya zinaposomwa bungeni, Dodoma na Nairobi, waheshimiwa huuliza kuhusu magari ya wagonjwa na majengo yasiyoezekwa, na wana haki ya kuuliza. Waongeze maswali matatu: mwaka uliopita zimenunuliwa katriji ngapi za klamidia na kisonono, zimekwenda wilaya zipi, na kati ya wanawake waliokutwa na ugonjwa, waume wangapi walitibiwa pamoja nao.